Oili ya Pikapu ya Baba Mkwe

Ilikuwa sauti ya cherehani inayoshona bila kitambaa. Nimefika kwenye mfano huo baada ya kuikataa mingine: vijiko vinavyogongana ndani ya droo, matone ya kwanza ya mvua juu ya mabati, taipureta katika ofisi ya chifu. Yote ilikosa ule ukavu. Cherehani yenye nguo huwa na uzito kidogo katika mlio wake. Isiyo na nguo hukimbia, chuma kwa chuma, haraka na kwa wepesi. Ndivyo pikapu ilivyolia asubuhi ile nilipoiwasha uani kwangu, Kisian, nikienda kuchota maji ya ziwa. Ililia kwa muda ambao mtu angefunga kamba za viatu vyake, kisha ikaacha na kuendelea kunguruma kama kawaida, kama muumini aliyekohoa katikati ya sala na kutazama mbele.

Mtu mwingine angetia gia na kwenda zake. Mimi nilizima injini, nikasubiri, nikaiwasha tena. Safari hii haikulia. Nikarudia mara nyingine, nayo ikanyamaza kwa adabu, na jambo hilo likanitia hofu kuliko mlio wenyewe, kwa maana sauti inayotokea mara moja na kukataa kurudiwa ni sauti ambayo huwezi kumwonyesha mtu.

Inafaa nieleze hali niliyokuwa nayo. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu, nikichunguza mwani unaoota katika ghuba yetu, na kazi yangu yote ilitegemea chupa ndogo za maji nilizozichota kwenye fuo za ziwa, kuanzia upande wa Seme hadi Kendu Bay, na kuzihifadhi katika jokofu la maabara. Msimu mmoja jokofu hilo lilikufa. Halikulia, halikuvuja, liliacha tu kufanya kazi katika wikendi ndefu, na nilipolifungua nikakuta msimu mzima umeyeyuka na kuchacha ndani ya chupa zenye lebo nilizoziandika kwa mwandiko wangu ulionyooka. Wasimamizi wangu walinihurumia, wakaniruhusu nirudie. Lakini tangu siku ile sikuwa mzima. Nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka njiani kuhakikisha kwamba nimefunga gesi niliyokwisha kuihakikisha. Barua pepe ya mstari mmoja niliisoma hadi maneno yakapoteza maana. Jokofu lilikuwa limenifundisha kwamba vitu hufa bila kusema, na sasa kitu kimoja kilikuwa kimesema, nami sikujua kilichosema.

Na kitu hicho hakikuwa changu.

Pikapu ilikuwa ya baba mkwe wangu, ambaye alikuwa dereva maisha yake yote ya kazi, kwanza wa malori ya watu wengine na mwishowe wa gari hili, alilolinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Lilikuwa limebeba masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni, mahema na viti vya misiba, mabomba ya kisima cha kanisa, na, siku ya harusi yangu, sufuria za wapishi, ambazo zilisikika kutoka mbali kabla bwana harusi hajaonekana. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zilikuwa nyingi kiasi kwamba hakuna aliyezitaja tena. Macho ya Mzee yalipoanza kuona ukungu aliacha kuendesha, na aliposikia kwamba gari la idara yetu halingeweza kunipeleka ziwani msimu wa pili, akaamua nipewe pikapu mpaka nimalize.

Hakunipa ufunguo mkononi. Katika boma lao, si mbali na Kombewa, mkaza mwana na baba mkwe huishi kwa heshima yenye umbali: hawaketi kiti kimoja, hawataniani, hawapigiani simu. Nyumba nyingi za Seme zimelegeza mambo haya. Ya kwetu haikulegeza, na mimi sikuona ubaya, kwa sababu ndani ya umbali ule nilikuwa nimetendewa wema kuliko ninavyoweza kueleza. Siku ile Mzee aliuweka ufunguo juu ya meza, akasema, akiitazama kalenda ukutani, kwamba gari likikaa bila kutembea huoza, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Mama mkwe akauchukua, akaufuta kwa leso yake, ndipo akauweka kiganjani mwangu.

"Nyar Nyakach," akasema. Hivyo ndivyo wanavyoniita wote pale, binti wa Nyakach, kwa kuwa nilizaliwa upande wa Katito. "Mzee amesema uendeshe pole pole tu, na Mungu akulinde."

Mzee hakusema hivyo. Nilikuwa nimeketi palepale. Lakini nilielewa kwamba Mama alikuwa na kazi yake, nayo ilikuwa kuchukua maneno upande mmoja wa nyumba, kuyaosha, kuyapiga pasi, na kuyafikisha upande wa pili yakiwa yanapendeza.

Kila Jumapili baada ya kanisa Mama alinipigia simu. Aliniuliza habari za kazi, akaniambia habari za mbuzi, na mwisho aliniambia: "Mzee anakusalimia tu." Nami nilijibu: "Nisalimie sana Baba. Mwambie gari liko sawa." Ndivyo tulivyoishi tangu nipewe ufunguo, na kwa kweli gari lilikuwa sawa hadi asubuhi ile ya cherehani.

Kesho yake sauti ilirudi, na siku iliyofuata pia: mara moja tu, injini ikiwa baridi, kisha kimya. Nilifungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imeshuka hadi alama ya chini, nyeusi, inayonata vidoleni. Nilifarijika, maana upungufu ni jambo unaloweza kulijaza. Faraja hiyo ilidumu mpaka nilipojiuliza nitalijaza kwa oili gani. Kwenye injini hapakuwa na kibandiko chochote. Ndani ya kijidroo cha mbele ya abiria palikuwa na kitabu cha gari, kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada, na katika ukurasa mmoja palikuwa na picha ya kipimajoto, na pembeni yake mistari yenye namba. Hizo niliweza kuzisoma. Gari lilipotoka kiwandani, katika joto kama la Kisumu, liliruhusiwa kunywa karibu kila kitu.

Basi nikasoma. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisomea mitihani, na mwisho nilijua kwamba namba ya kwanza kwenye mtungi wa oili hueleza jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, na ya pili jinsi inavyosimama ikishapata moto. Nilijua kwamba oili nzito sana huchelewa kupanda juu ya injini asubuhi, na kwamba katika kuchelewa huko vipande vya chuma vya juu hugongana vikiwa vikavu. Nilijua kwamba oili ya sintetiki hupanda haraka, huvumilia joto, na husafisha. Na hapo kwenye kusafisha ndipo nilipokwama, kwa sababu watu waliomiliki magari makuukuu walikuwa wamegawanyika kama wagawanyikavyo watu juu ya siasa. Wengine waliapa kwamba sintetiki iliwarudishia injini zao ujana. Wengine waliapa kwamba iliosha uchafu ambao ndio uliokuwa umeziba nyufa za sili za zamani, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, na kwamba baada ya kuoshwa injini ilianza kuvuja kila mahali. Wote walieleza kwa utulivu na kwa picha. Akilini nilimwona Mzee akiletewa gari lake likivutwa kwa kamba. Nilimwona akitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe.

Nilikwenda mjini, kwenye duka la spea la mzee mmoja wa zile familia za Kiislamu zilizokaa Kisumu vizazi na vizazi, mtu mwenye kofia iliyotariziwa na kalamu nyuma ya sikio. Nilimweleza tatizo langu tangu mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo nililithamini.

"Binti," akasema, "mimi nauza zote. Ukinunua sintetiki nafurahi. Ukinunua ya kawaida nafurahi kidogo." Akaiweka mitungi miwili juu ya kaunta. "Hii sintetiki ni kumi kwa arobaini, imetengenezewa injini zilizotembea sana, ina dawa ya kulainisha sili zisikauke. Hii ya kawaida ni ishirini kwa hamsini, nzito, wazee wengi ndiyo wanayoipenda. Gari lilikuwa likinywa ipi?"

"Sijui."

"Mwenyewe humjui?"

"Namjua. Ni baba mkwe wangu."

"Basi muulize."

"Siwezi kumuuliza."

Alinitazama, akatazama mtungi, akanitazama tena. "Aa," akasema. "Zile mila zenu. Kwetu sisi baba mkwe ndiye anayekupigia, tena usipotaka." Akarudisha sintetiki rafuni kwa upole, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani. "Chukua lita moja ya kawaida uongezee leo, usije ukaua gari la watu ukifikiri. Ukishamuuliza, rudi."

Nililipa, nikaongeza oili palepale kando ya barabara hadi kijiti kikaonyesha katikati ya alama mbili. Kesho yake sauti ilikuwa fupi zaidi. Lakini ilikuwepo.

Fundi niliyempelekea baadaye alikuwa na gereji ya wazi chini ya mabati karibu na Kibuye, na mwenzake alikuwa amelala chini ya gari jingine, miguu tu ikionekana. Fundi alifungua kifuniko cha kutilia oili, akaingiza kidole, akakitazama kwenye mwanga.

"Madam, hii gari imezoea mafuta nzito. Ukiipatia sintetiki itatoa jasho kila mahali."

"Jasho?"

"Itavuja. Hizi sili ni za kitambo, zimeshikwa na uchafu. Sintetiki inaosha. Ikishaosha uchafu, ni nini itabaki imeshika?"

"Maombi," ilisema miguu.

"Wewe kaza nati zako," fundi akaiambia. Kisha kwangu: "Sikatai kuweka. Ukisema niweke, naweka. Lakini mimi nataka kujua mwenyewe alikuwa anabadilisha lini."

"Kwa nini lini?"

"Kama alikuwa anabadilisha kila wakati, ndani ni safi, weka sintetiki yako, haina shida. Kama alikuwa anaongeza tu juu ya ile ya zamani, ndani kuna uji. Ukiosha uji wote mara moja unaziba njia ya mafuta, na hapo injini inakwisha. Hii rangi naona haijakuwa uji, lakini mimi siwezi kuona chini." Akapangusa kidole kwenye suruali. "Uliza mwenyewe."

"Hiyo ndiyo shida," nikasema.

"Amekufa?"

"Hapana. Ni baba mkwe wangu."

Fundi akavuta pumzi, naye alikuwa Mjaluo kama mimi. "Sasa hiyo," akasema, "ni kazi ya mama." Na miguu ikasema, "Kabisa."

Kwa hiyo Jumapili, Mama aliponipigia, nilimwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ili yasiweze kupigwa pasi. Nilisema kwamba asubuhi gari hutoa sauti kidogo, kwamba nataka kubadilisha oili, na kwamba ninahitaji kujua mambo mawili: ni oili gani Baba alikuwa akiweka, na alikuwa akiibadilisha kila baada ya muda gani. Nikamwomba arudie. Akarudia vizuri. Nikamsikia akitembea uani, kuku wakimpisha, kisha sauti ya Mzee kwa mbali, ndefu, ya mtu anayeeleza jambo kwa kina. Ilikuwa ndefu sana. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Mama akarudi kwenye simu. "Mzee anakusalimia tu. Anasema weka ile nzuri."

"Ile nzuri ni ipi, Mama?"

"Ile nzuri, Nyar Nyakach. Si wewe ndiye umesoma?"

"Lakini amesema maneno mengi, Mama. Nimemsikia."

"Ni mambo ya wazee hayo. Usijisumbue, mwanangu. Wewe umechoka."

Nilimpigia mume wangu, ambaye kazi yake iko Lodwar, na ambaye ana haki ya kumpigia baba yake simu wakati wowote. Alimpigia. Alipata jibu kwamba kila kitu ni sawa na kwamba mimi nisisumbuliwe. "Baba anaona ukisikia mambo mengi ya gari utaogopa kuliendesha," akaniambia. Kisha: "Mpigie tu."

"Nani ampigie?"

"Wewe."

"Wewe unajua siwezi."

"Najua," akasema. "Nasema tu kwamba angeshika."

Siku zilizofuata niliendesha kwa kusikiliza. Nilikwenda ufuoni na kurudi na chupa zangu ndani ya boksi la barafu, na njia nzima kichwa changu kilikuwa upande mmoja, kama ndege. Niliyachambua mambo kwa namna niliyofundishwa kuchambua, na kila nilipoyachambua yalinirudisha palepale: swali la oili gani niweke lilikuwa limegeuka kuwa swali la oili gani iliwekwa, na jibu la swali hilo halikuwa katika kitabu cha Kijapani wala katika mabishano ya watu wa mbali. Lilikuwa kwa mtu mmoja, saa moja ya barabara kutoka kwangu, ambaye namba yake ilikuwa ndani ya simu yangu tangu harusi na sikuwa nimewahi kuigusa. Nikinyamaza ili kumheshimu, ningeweza kuliua gari lake. Nikimpigia ili kuliokoa, ningekuwa nimeingia mahali ambapo kwa miaka yote alinilinda kwa uangalifu nisilazimike kuingia.

Kilichonisukuma kilikuwa kitu kidogo. Asubuhi moja ya ubaridi, baada ya mvua ya usiku kucha, niliketi kwenye usukani nikashindwa kugeuza ufunguo. Mkono ulikuwa pale, ufunguo ulikuwa pale, na mimi nilikuwa nikisubiri sauti isiyokuwa imetokea bado. Nikaelewa kwamba hivi ndivyo nilivyosimama mbele ya jokofu jipya la maabara kila Jumatatu, mkono kwenye mlango. Jokofu halikuwa na mtu wa kumuuliza. Pikapu ilikuwa naye.

Nikashuka, nikafungua boneti ili niwe na kitu cha kutazama, nikaitafuta namba, nikapiga.

Iliita mara kadhaa. Nilikuwa karibu kukata.

"Halo." Kisha, kabla sijamsalimu: "Nani amepata shida?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, mimi niliyefikiria kila kitu. Bila shaka mkaza mwana hampigii baba mkwe asubuhi isipokuwa kuna maiti.

"Hakuna mtu, Baba. Wote wazima. Ni gari."

Nilisikia pumzi ikimtoka taratibu.

"Gari tu?"

"Gari tu, Baba. Naomba unisamehe kwa kukushtua."

"Hapana, hapana. Gari ni sawa." Alikohoa, na aliporudi alikuwa amekiacha Kijaluo na kushika Kiswahili. Mambo ya magari Mzee huyasema kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho alichojifunzia udereva, katika magereji ya Nakuru na Mombasa, kabla hajarudi nyumbani kuoa. Sijui kama alifanya hivyo kwa kusudi. Ninachojua ni kwamba katika Kijaluo nilikuwa mke wa mwanawe, na kila neno lilikuwa na mahali pake pa kukaa. Katika Kiswahili tulikuwa watu wawili na gari moja. "Imefanya nini?"

Nikamweleza sauti. Nikasita, kisha nikamwambia kuhusu cherehani.

"Bila nguo," akasema.

"Bila nguo, Baba."

"Ndiyo hiyo. Ilianza mimi bado naendesha. Asubuhi tu, kisha inaacha?"

"Inaacha."

"Sasa mimi nilituma neno. Nilisema, mwambieni hii gari inakula oili, apime kila wiki, na asubuhi aiache isimame kidogo kabla ya kuondoka. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa unanisalimia."

"Na mimi niliambiwa iko sawa," akasema. "Kila Jumapili, iko sawa, iko sawa. Nikasema, huyu msichana ana mkono mzuri kuliko wangu." Na akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka mimi nikiwa karibu. Kilikuwa kicheko chepesi, cha mtu mdogo kuliko yeye.

Nikamuuliza maswali yangu mawili. Alikuwa akiweka ile nzito, ishirini kwa hamsini, kwa sababu fundi wake wa zamani alimwambia gari likianza kula oili liwekewe nzito, na fundi huyo alikwisha kufariki, na yeye hakuona sababu ya kubishana na marehemu. Na kubadilisha?

"Kila shule zikifunguliwa," akasema. "Hiyo sikukosa hata muhula mmoja. Kabla sijabeba watoto wa watu na masanduku yao, namwaga yote, naweka mpya na filta. Ukiwa na watoto nyuma hutaki kusimama njiani."

Ndani ni safi, alikuwa amesema fundi, kama alikuwa anabadilisha kila wakati. Nilikuwa nimeibeba hofu ya uji wiki nzima, na hapakuwa na uji. Palikuwa na mtu aliyemwaga oili kila muhula kwa ajili ya watoto wa wengine.

"Kwa nini unauliza?" akasema. "Unataka kuweka gani?"

Nikamwambia. Nilimweleza namba ya kwanza na namba ya pili, na jinsi oili nyepesi kidogo ingepanda haraka asubuhi na kufika juu kabla ya chuma kugongana. Nilimwambia kwamba kuna sintetiki ya injini zilizotembea sana, yenye dawa ya sili, na kwamba kwa kuwa amekuwa akibadilisha vizuri haielekei kuharibu kitu, ingawa siwezi kuapa. Nilisema tungeibadilisha mapema mara ya kwanza, endapo italegeza uchafu wowote. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nilijisikia nikizungumza vizuri, kwa sentensi zenye mwanzo na mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mbele ya mtu yeyote tangu jokofu.

"Mimi nimeiogopa hiyo sintetiki," akasema. "Nasikia ukiweka, gari inakojoa chini kama mtoto."

"Inaweza, Baba. Nitaweka kartoni chini yake kila jioni. Asubuhi nitaona."

"Kartoni." Alilifikiria. "Kartoni ni wazo. Mimi sikufikiria kartoni." Kisha: "Ukiona imevuja tutarudi kwa ile nzito. Si ndoa hii."

Sote wawili tukalisikia neno lile likitua. Ulikuwa utani, na alikuwa amenitania mimi. Upande wangu palikuwa na uani wenye matope na boneti iliyo wazi. Upande wake sijui palikuwa na nini, labda kalenda. Nikacheka kwanza. Naye akacheka, kwa aibu kidogo, na lilikuwa limepita.

"Basi weka hiyo yako," akasema. "Weka leo. Hujaiwasha bado?"

"Bado. Ni baridi."

"Washa nisikie."

Niliiweka simu juu ya ukingo wa boneti, uso juu, nikaingia ndani na kugeuza ufunguo. Cherehani ikaanza, kavu na ya haraka, na kwa mara ya kwanza sikuwa peke yangu nikiisikiliza. Nikashuka na kusimama kando ya simu. Ikaenda, ikaenda, ikapungua, na mahali fulani mle ndani oili nzito ilikuwa ikipanda taratibu, mpaka ikafika, na sauti ikazama ndani ya mngurumo.

Nikaichukua simu. Mzee alikuwa bado pale, akipumua. Nyuma yake nikasikia mlango, kuku, na sauti ya Mama ikiuliza ni nani huyo anayepigiwa mapema hivi, na ana nini.

"Ni Nyar Nyakach," akamwambia. "Ngoja kidogo. Tunasikiliza gari."